Gome, Turubai na Hati: Sanaa ya Wenyeji wa Australia katika Madai ya Ardhi

Utangulizi

Mara nyingi utamaduni unapotajwa mbele ya umma, fikira za watu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na mapishi. Hivyo vyote ni sehemu ya utamaduni, wala hatukusudii kuvidharau. Lakini utamaduni una mizizi, na mizizi haikui hewani. Watu hucheza ngoma yao mahali fulani, huchonga mti wa msitu fulani, na huwazika wazee wao katika udongo fulani. Mtu akiipenda ngoma bila kuuliza mchezaji anakanyaga ardhi ya nani, amependa nusu tu ya kitu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye uzito.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kazi chache za sanaa zinazohusu ardhi ya wenyeji wa asili wa Australia, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1963 na mwaka 2017. Nyingi kati ya hizo zina sifa moja adimu: ni picha, na papo hapo ni hati. Tumeichagua Australia kwa sababu mbili. Kwanza, huko suala la ardhi ya wenyeji limejadiliwa bungeni, mahakamani na katika kura za wananchi wote, hata mabadiliko ya fikira za umma yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Pili, hoja zilizotumiwa kuwanyima wenyeji wa huko ardhi yao ni ndugu wa damu wa hoja zilizotumiwa barani Afrika, kama tutakavyoonyesha.

Hoja yetu ni hii: umma wa Australia ulijifunza upesi kuitazama sanaa ya wenyeji, lakini ulichelewa sana kuisoma. Kutazama ni kufurahia rangi na mistari. Kusoma ni kuelewa kinachodaiwa na kukijibu. Kati ya mambo hayo mawili kuna pengo, na ndani ya pengo hilo haki za watu zimekaa kwa miaka mingi.

Nchi isiyo na mwenyewe

Waingereza walianzisha koloni lao la kwanza Australia mwaka 1788. Wakati huo nchi ilikuwa imekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 50,000. Walikuwa wa mataifa mengi, wenye lugha mamia, na kila ukoo ulijua mipaka ya nchi yake kwa vilima, visima na mito. Pamoja na hayo, dola ya Uingereza haikufanya nao mkataba wowote wa kuuziana wala wa kukabidhiana ardhi. Sheria ya wageni iliwahesabu wenyeji kuwa watu wanaopita juu ya nchi, si watu wenye nchi. Kwa hesabu hiyo bara zima likawa halina mwenyewe, na asiye na mwenyewe, kama wanavyojua wadhulumati wote, hana wa kumtetea.

Baadaye Australia ikawa nchi ya mataifa mengi kwa namna nyingine. Sheria ya mwaka 1901 ilikuwa imezuia uhamiaji wa watu wasio weupe, na siasa hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1973. Baada ya Vita Vikuu vya Pili walikuja Waitalia na Wagiriki kwa wingi, kisha Wavietnamu, kisha watu wa Afrika, miongoni mwao wakimbizi wa Kongo na Burundi ambao wengine wao huzungumza Kiswahili. Katika sensa ya mwaka 2021, zaidi ya robo ya wakazi walikuwa wamezaliwa nje ya nchi. Wenyeji wa asili waliohesabiwa walikuwa 812,728, yaani asilimia 3.2 ya watu wote.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Jamii ya tamaduni nyingi hujisifu kwamba kila mtu ana nafasi yake mezani. Hilo ni jema. Lakini katika sifa hiyo mwenyeji naye aweza kugeuzwa sahani moja kati ya sahani nyingi. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haiwezi kusemwa mahali ambapo mwenyeji mwenyewe amefanywa mgeni.

Gome la Yirrkala: fani na maudhui

Yirrkala ni mahali pwani ya kaskazini-mashariki ya Arnhem Land, nchi ya Wayolngu. Mwaka 1963 serikali ya Australia ilimega zaidi ya kilomita za mraba 300 za ardhi ya hifadhi yao kwa ajili ya uchimbaji wa boksiti, madini yanayotoa alumini. Wayolngu hawakuulizwa. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo walipeleka maombi yao bungeni, Canberra. Karatasi iliyopigwa taipu kwa lugha yao ya Kigumatj na kwa Kiingereza ilibandikwa juu ya gome la mkalitusi, na kuizunguka karatasi hiyo walichora kwa udongo mwekundu, wa manjano, mweupe na kwa weusi wa mkaa.

Tukianza na fani, jambo la kwanza ni kwamba kazi hii ina sauti mbili. Karatasi ya katikati inafuata desturi ya bunge: inaeleza malalamiko, inaomba viongozi wateue kamati, na inataka wakalimani ili wenyeji wasikilizwe kabla ardhi haijatolewa. Maneno yake ni ya adabu na ya kunyenyekea. Michoro ya pembeni haiombi chochote. Katika desturi ya Wayolngu kila mchoro una wenyewe. Ukoo umerithishwa mchoro wake pamoja na nchi yake, pamoja na nyimbo na ngoma za nchi hiyo, na mtu wa ukoo mwingine hana ruhusa ya kuuchora apendavyo. Tunaweza kuufananisha na chapa ya ng'ombe katika jamii za wafugaji: si pambo la ngozi, ni tamko la nani mwenye mali. Zaidi ya hayo, jamii ya Wayolngu imegawanyika katika nusu mbili, Dhuwa na Yirritja, na maombi yaliyotengenezwa yalibeba michoro ya pande zote mbili. Maana yake ni kwamba aliyesema si mtu mmoja wala ukoo mmoja, bali jamii kamili.

Kwa hiyo maudhui ya gome lile yamo katika mkutano wa sauti hizo mbili. Karatasi inasema, "Tunaomba mtusikilize." Mchoro unasema, "Sisi ndio wenye nchi hii, na hati yetu ndiyo hii." Bunge liliisoma karatasi. Mchoro lilidhani ni fremu.

Ushahidi wa hilo tunaupata katika jambo lililotokea mara baada ya maombi ya kwanza kuwasilishwa tarehe 14 Agosti 1963. Waziri aliyehusika alitilia shaka sahihi kumi na mbili zilizokuwa chini ya maandishi, akidai kwamba waliotia sahihi hawakuwawakilisha watu wote. Ikabidi maombi mengine yaletwe tarehe 28 Agosti yakiwa na alama za vidole gumba vya wazee. Huu ni mkasa ambao mwanafunzi wa fasihi anapaswa kuutafakari. Hati ilikwisha kutiwa sahihi na koo zenyewe, kwa rangi, kuizunguka pande zote nne, lakini waliopokea waliitafuta sahihi kwa wino tu. Ukosefu wa elimu haukuwa upande wa walioandika.

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba sanaa ikiingia katika madai ya siasa hupoteza usanii wake. Gome la Yirrkala linawajibu vizuri. Mistari yake myembamba inayokatana ilichorwa kwa uangalifu uleule unaotumika katika michoro ya ibada, kwa sababu kwa Wayolngu mchoro uliofanywa ovyo haudai kitu. Uzuri wake ni sehemu ya uhalali wake.

Bunge liliunda kamati, na kamati ikapendekeza fidia na ulinzi wa mahali patakatifu. Hata hivyo uchimbaji haukuzuiwa. Wayolngu wakaenda mahakamani.

"Kuwa na" ardhi

Hukumu ya kesi yao, iliyotolewa mwaka 1971, ni maandishi yanayostahili kusomwa kama tunavyosoma kazi ya fasihi, kwa kuwa kiini chake ni neno moja. Jaji Blackburn alikubali kwamba Wayolngu walikuwa na mfumo kamili wa sheria uliotawala maisha yao. Hilo peke yake lilikuwa hatua kubwa, kwani kabla ya hapo wengi walisema wenyeji hawana sheria. Lakini alipofika kwenye ardhi, alisema kwamba uhusiano wa ukoo na nchi haukuwa umiliki kama sheria ya Kiingereza inavyouelewa. Mwenye mali hutumia mali yake, huwafukuza wengine, na huweza kuihamisha kwa mtu mwingine. Wayolngu hawakuonekana kufanya hivyo. Jaji aliona ni rahisi zaidi kusema kwamba ukoo ni mali ya nchi kuliko kusema kwamba nchi ni mali ya ukoo. Wakashindwa.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuona kasoro iliyomo humo. Sisi hatuna kitenzi kimoja kikavu cha kumiliki tunachokitumia kila siku. Tunasema "nina shamba", yaani "niko na shamba", kama tusemavyo "nina ndugu" au "nina njaa". Lugha yetu inamweka mtu pamoja na kitu, bega kwa bega. Haimweki juu yake. Tena tunapotaka kutaja mwenye haki juu ya mahali, tunasema "mwenyeji", na neno hilo linabeba ndani yake "mwenye" bila kutaja kununua wala kuuza. Kwa mtu anayefikiri hivi, kusema kwamba watu ni wa nchi na kusema kwamba nchi ni ya watu ni kusema jambo moja mara mbili. Mahakama ile iliyaona kuwa mambo mawili yanayopingana kwa sababu lugha ya sheria yake ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia.

Picha ya mkono na mchanga

Wakati Wayolngu wakishughulika na bunge na mahakama, Wagurindji walitumia njia ya mgomo. Mwezi Agosti 1966 wachungaji na watumishi wapatao 200 pamoja na jamaa zao, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliondoka katika ranchi ya Wave Hill iliyokuwa ya kampuni ya Waingereza, Vestey. Wengi walidhani wanadai mishahara tu. Muda si mrefu ilidhihirika kwamba wanadai nchi yao. Walikaa mahali paitwapo Daguragu kwa miaka mingi, mpaka tarehe 16 Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alipofika na kummiminia Lingiari mchanga kiganjani, ishara ya kurudishiwa sehemu ya ardhi.

Picha ya tukio hilo, iliyopigwa na Mervyn Bishop, mwenyeji wa asili aliyekuwa mpigapicha wa habari, imekuwa mashuhuri kuliko hotuba zote za siku ile. Inajulikana kwamba tendo lenyewe lilifanyika kivulini, na mpigapicha akawaomba wahusika walirudie nje, chini ya anga la buluu. Hatuoni ubaya katika hilo; msanii huchagua mwanga wake. Tunachopaswa kuhakiki ni mpangilio. Kiongozi mrefu mwenye suti amesimama, mkono wake uko juu, mchanga unashuka. Mzee ameweka kiganja wazi chini. Kwa macho ya haraka, picha inasema kwamba serikali inatoa na mwenyeji anapokea. Historia inasema kinyume: mchanga ule ulikuwa wa Wagurindji tangu hapo, na aliyekuwa akirudisha kitu cha watu ndiye aliyeonekana mkarimu. Picha nzuri yaweza kuufurahisha umma na papo hapo kuuacha na fikira yake ya zamani.

Hata hivyo hatuwezi kuukana mchango wake. Mwaka uliofuata, 1976, bunge lilipitisha sheria ya haki za ardhi katika Eneo la Kaskazini, na koo nyingi zikapata ardhi zao kwa hati. Fikira zilikuwa zikibadilika. Katika kura ya maoni ya mwaka 1967, asilimia 90.77 ya wapiga kura walikuwa wamekubali kuondoa katika katiba maneno yaliyowabagua wenyeji. Lakini kura ile haikuuliza habari ya ardhi, na ni vyepesi kwa umma kukubali usawa usiomgharimu mtu kitu.

Mabo, na ushahidi uliotoka Afrika

Hoja ya nchi isiyo na mwenyewe ilivunjwa rasmi tarehe 3 Juni 1992. Eddie Koiki Mabo alikuwa Mmeriam wa kisiwa cha Mer katika Mlango-Bahari wa Torres. Alipokuwa mtunza bustani katika chuo kikuu mjini Townsville, wanahistoria aliozoeana nao walimweleza kwamba kwa mujibu wa sheria shamba la wazee wake kisiwani lilikuwa mali ya Taji la Uingereza. Alishangaa. Mwaka 1982 yeye na wenzake wanne walifungua kesi. Walieleza sheria ya Malo, inayomkataza mtu kupeleka mkono au mguu wake katika shamba lisilo lake. Majaji sita dhidi ya mmoja walikubali kwamba haki ya wenyeji ilikuwapo kabla ya Waingereza, na kwamba haikufutika kwa sababu tu bendera ilipandishwa. Mabo hakuisikia hukumu hiyo; alikuwa amefariki mwezi Januari mwaka uleule.

Kwa wasomaji wetu, sehemu moja ya hukumu hiyo ina uzito wa pekee. Majaji walilazimika kupima maamuzi mawili ya zamani ya Baraza la Mfalme huko London, na yote mawili yalitoka Afrika. Moja, la mwaka 1918, lilihusu Rhodesia ya Kusini, nayo leo ni Zimbabwe. Lilisema kwamba wapo watu walio chini mno katika ngazi ya maendeleo hata haki zao za ardhi haziwezi kutambuliwa na sheria. La pili, la mwaka 1921, lilitokana na madai ya Amodu Tijani, chifu wa Lagos. Lilionya kwamba haki ya ardhi ya wenyeji isipimwe kwa vipimo vya sheria ya Kiingereza. Mahakama ya Australia ililikataa wazo la kwanza na kulishika la pili. Hivyo dharau iliyotamkwa juu ya Waafrika ilikuwa imetumika kama ukuta dhidi ya watu wa bara jingine, na hoja iliyompa ushindi chifu wa Kiafrika ikasaidia kuubomoa.

Turubai la Ngurrara

Baada ya Sheria ya Haki za Wenyeji ya mwaka 1993, koo zilizodai ardhi zilipaswa kuthibitisha uhusiano wao nayo. Wazee wa Jangwa Kuu la Mchanga, magharibi ya Australia, walikuta kwamba Kiingereza cha mahakama hakiwezi kubeba ushahidi wao. Mwaka 1997, mahali paitwapo Pirnini, wasanii zaidi ya arobaini walikusanyika na kuchora turubai moja lenye mita zipatazo nane kwa kumi. Kila mmoja alichora sehemu ya nchi anayoijua: visima vya maji ya kudumu waviitavyo jila, matuta ya mchanga, na njia za kutoka kisima hadi kisima. Turubai lilitandazwa chini mbele ya maofisa wa baraza la madai, na kila mdai alisimama juu ya nchi yake iliyochorwa, akaieleza kwa lugha yake.

Kati ya kazi zote tunazozihakiki, hii ndiyo tunayoona imefikia kilele. Katika gome la Yirrkala, karatasi iko katikati na mchoro uko pembeni. Katika turubai la Ngurrara hakuna karatasi. Mchoro wenyewe ndio maandishi, na msomaji wake ni mtu anayekanyaga juu yake kwa miguu mitupu. Pia fani yake inakubaliana kikamilifu na maudhui: kwa kuwa hakuna mtu mmoja anayeijua nchi yote, hakuna mkono mmoja uliochora yote. Mitindo inatofautiana sehemu kwa sehemu, na mpaka wa mtindo ndio mpaka wa haki. Mhakiki anayetafuta umoja wa mtindo ataliona turubai hilo lina dosari. Mhakiki anayeuliza linasema nini ataona kwamba tofauti hizo ndizo ushahidi.

Kiswahili cha mahakamani kina neno zuri hapa: kielelezo. Picha katika kitabu ni kielelezo, na kitu kinacholetwa mbele ya hakimu kuthibitisha dai ni kielelezo. Kwa kazi hii maana hizo mbili zilikutana. Mwaka 2007 mahakama ilitambua haki ya watu wa Ngurrara juu ya zaidi ya kilomita za mraba 70,000 za jangwa.

Kutundikwa ukutani

Turudi kwenye swali la umma. Mwaka 1988, Australia ilipoadhimisha miaka 200 tangu Waingereza wafike, wasanii wa Ramingining walitengeneza majeneza 200 ya magogo yenye mvungu, moja kwa kila mwaka, kuwakumbuka wenyeji waliokufa wakiilinda nchi yao. Kazi hiyo imewekwa katika Jumba la Sanaa la Taifa, Canberra. Mwezi Juni mwaka huohuo, huko Barunga, viongozi wa wenyeji walimkabidhi Waziri Mkuu Bob Hawke tamko lililozungukwa na michoro ya koo za kaskazini na za jangwani. Hawke aliahidi mkataba. Mkataba haukuja. Mwezi Desemba 1991, alipokuwa akiondoka madarakani, alilitundika tamko hilo katika jengo la bunge.

Desturi inaonekana. Hati inaletwa; hati inasifiwa kwa uzuri wake; hati inatundikwa ukutani. Ukuta ni mahali pa heshima, lakini pia ni mahali pa kumwepuka mgeni aliyekuja na neno. Anayekaribishwa kuketi husemeshwa. Anayetundikwa hutazamwa.

Wala tusiseme kwamba hakuna kilichobadilika. Mwezi Mei 2000 watu wapatao 250,000 walitembea juu ya daraja la bandari ya Sydney wakitaka upatanisho. Mwezi Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa watoto walionyang'anywa wazazi wao. Mlima wa Uluru ulirudishwa kwa Waanangu mwaka 1985, na tarehe 26 Oktoba 2019 watalii walizuiwa kabisa kuupanda, kama wenyewe walivyokuwa wakiomba kwa muda mrefu. Haya si madogo.

Mwaka 2017 wawakilishi wa wenyeji walikutana karibu na mlima huo na kutoa Tamko la Uluru. Maneno yalikuwa katikati, sahihi zikiyazunguka, na michoro ya wanawake wa Kianangu ikizunguka yote. Waliomba, pamoja na mengine, chombo cha kikatiba cha kulishauri bunge katika mambo yanayowahusu. Tarehe 14 Oktoba 2023 wananchi walipiga kura, na takriban asilimia 60 walikataa. Haikupita katika jimbo hata moja.

Haitakuwa haki kuwatupa wote waliokataa katika kapu moja. Wengine walisema raia wote ni sawa, na hivyo kundi lolote lisiwe na chombo chake katika katiba. Hata baadhi ya wenyeji walikataa, kwa sababu waliona chombo cha ushauri tu ni dhaifu, nao walitaka mkataba kwanza. Lakini mhakiki ana haki ya kuilinganisha kura hiyo na ile ya mwaka 1967. Umma uleule uliokubali kwa kishindo wenyeji wawe sawa na wengine ulisita ulipoambiwa kwamba wao si sawa na wengine katika jambo moja: walikuwapo kwanza. Fikira za umma hazisafiri kama gari katika barabara iliyonyooka. Hujaa na kupwa kama bahari, na kila maji yanapopwa huonekana mawe yaliyokuwa chini.

Hitimisho

Tungeweza kuhitimisha kwamba sanaa hii ilishindwa. Hatudhani hivyo. Tarehe 12 Machi 2025 Mahakama Kuu ya Australia ilitoa uamuzi katika kesi iliyofunguliwa na Galarrwuy Yunupingu kwa niaba ya ukoo wa Gumatj kuhusu ardhi ileile ya boksiti. Iliikatalia serikali rufani yake na kukubali kwamba wenyeji waliopoteza haki zao za ardhi huko wanaweza kudai fidia chini ya katiba. Mdai huyo alikuwa kijana wakati gome lilipotumwa bungeni, na alifariki mwaka 2023 akiwa mzee. Hati ya mwaka 1963 ilihitaji zaidi ya miaka sitini kupata msomaji wake mahakamani.

Afrika Mashariki nayo ina hati zake. Baada ya Wameru kuhamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao katika Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na Wameru wengi wakajifunza kutokana na safari hiyo kwamba sauti ya kijiji yaweza kufika mbali. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilihukumu kwamba Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya walivunjiwa haki zao kwa kufukuzwa msituni. Mahakama haikutaja haki ya ardhi peke yake; ilitaja pia haki ya dini na haki ya utamaduni. Ilikiri kisheria jambo ambalo wachoraji wa Yirrkala walilisema kwa udongo na mkaa, kwamba vitu hivyo havitengani.

Kwa walimu tunapendekeza maswali matatu ya kuwauliza wanafunzi kila wanapoletewa kazi ya sanaa ya jadi, iwe ni mchoro, ngoma, utenzi au kinyago. Kazi hii ni ya nani, na nani mwenye ruhusa ya kuifanya? Inataja mahali gani? Na wenye kazi hiyo bado wanaishi mahali hapo, au wameondoshwa? Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo hatapungukiwa na furaha ya sanaa. Atakuwa amejifunza kuisoma, na huenda siku moja akaketi bungeni au mahakamani, mbele yake pamewekwa gome.